Zamu ya Alhamisi

Nakijwa mwanangu,

Godoro, jiko la gesi na masweta ya baridi ameyashughulikia baba yako, na anayaweza kuliko mimi. Wewe umeenda kuagana na wanakwaya wenzako. Mimi nimebaki mezani kwa sababu leo mchana nimepata habari, na nataka uisome kwa utulivu, mara mbili ikibidi, kabla hujaanza kutakiwa safari njema.

Habari yenyewe ni hii: Elieza ametoa zamu yake ya maji ya Alhamisi. Amempa mtu.

Nimeipata kwa Mzee Kiondo, msimamizi wa ndiva, lile bwawa la maji ya mashamba, ya kijiji unachokwenda. Nilimkuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, ameshuka Same kununua saruji ya kuzibia nyufa za bwawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Nakijwa. Redio yenu imenyamaza siku hizi. Mmeshiba, au mnaogopa?"

"Tunawasubiri ninyi mfanye jambo. Maji vipi huko Chome?"

"Maji? Yaliyobaki anaweza kunawa kuku, tena uso tu." Akacheka, kisha akanisogelea kama mtu mwenye zawadi. "Lakini utu upo. Elieza amempa yule mjane wa bondeni zamu yake ya Alhamisi. Yote. Alisimama kikaoni akasema, 'Mimi nitakaa nyumbani na familia yangu.' Tukampigia makofi."

"Elieza huyu aliyemshitaki kaka yake kwa ajili ya mfereji?"

"Huyo huyo. Watu hubadilika, mwanangu. Njoo umrekodi."

Nilimsaidia kupakia saruji, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa nayaandika unayoyajua, ili yakae mahali pamoja. Nanzia, mke wa Elieza, aliichagua Alhamisi mwenyewe. Aliniambia nilipopanda kurekodi habari za ukame, tukiwa tunachambua mboga, bila kuinua macho: siku ya zamu mume wake huondoka kabla hakujapambazuka, hufungua mlango wa ndiva, kisha hukaa na maji yake shambani mpaka tone la mwisho, kwa sababu hamwamini mtu yeyote mwenye jembe. Ndiyo siku pekee ambayo mwanamke yule anajua kwa hakika mume wake yuko wapi. Ungefika kesho, Jumatano, na kuripoti ofisi ya kata kama afisa ustawi wa jamii mpya. Keshokutwa Nanzia angetoroka na watoto wake, Upendo na yule mdogo, angeshuka kwa njia ya msituni, na gari la polisi lingemsubiri barabarani. Askari wa dawati la jinsia na watoto, Afande Mwanaidi, amekwisha kuandaa mahali pa kuwahifadhi. Mpango ulikuwa mzuri. Ulisimama juu ya jambo moja tu, kwamba hakuna Mpare anayetoa maji yake kiangazi.

Mzee Kiondo na kikao chake wameona utu. Mimi nimeona mtu anayetaka kuwa nyumbani Alhamisi. Pengine nimekosea. Nitakuambia kwa nini sitaki kujaribu kujua.

Ulikuwa bado hujaanza shule. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Naeli, katika kijiji kimoja cha mlimani, juu ya Ndungu. Mume wake alikuwa amempiga mpaka akakimbilia kwao. Wazee walikaa, ukoo wa mume na ukoo wa mke, na mchungaji katikati. Mume akatozwa mbuzi na pombe ya dengelua, akaomba radhi kwa kupiga magoti, Naeli akarudishwa. Mhariri wangu akanituma nikarekodi ndoa iliyopona.

Nilikaa pale siku nzima. Nilifanya kazi yangu vizuri, na hicho ndicho ninachotaka ukisome kwa makini: sikuwa mzembe. Niliandika kila kitu. Mume alikuwa amerudisha msumeno alioazima siku nyingi. Alikuwa amempa jirani migomba mitatu. Alikuwa ametoa zamu yake ya maji kwa shemeji yake, huku mahindi yake mwenyewe yamejikunja. Binti yao, Rebeka, alikuwa anaondoka na mbuzi wote kwenda kwa bibi yake ng'ambo ya bonde, "akamfurahishe bibi," alisema baba mtu. Nikampa Rebeka maikrofoni, akacheka. Nikamrekodi Naeli akisema, "Namshukuru Mungu, mume wangu amekuwa mkarimu." Nikashuka nikatangaza habari ya mtu aliyegeuka.

Alimuua kesho yake alfajiri. Majirani walipofika walimkuta ameketi mlangoni anasubiri polisi, amenyoa ndevu, amevaa koti.

Nilikuwa na kila kitu mkononi. Nilipanga vizuri, nikasoma vibaya. Mtu yule hakuwa mkarimu, alikuwa anafunga hesabu na dunia. Mtoto alimwondoa kwa sababu hakutaka aone. Tangu siku ile, nikisikia kwamba mtu mkali ameanza kugawa vitu, siulizi amempa nani. Nauliza anajiandaa kwa nini.

Rebeka nilimkuta miaka mingi baadaye, anauza mchele Ndungu. Alinitambua kwa sauti. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama ile sauti ya mama yake bado ninayo, maana watoto wake wanataka kujua bibi yao alikuwa anaongeaje. Kanda ile tulirekodi juu yake matangazo ya chanjo ya ng'ombe. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya, kanda zilikuwa chache. Nilimwambia hivyo. Akanipimia mchele wangu, akaniongeza kidogo, akageukia mteja mwingine.

Narudi Chome. Baada ya kuachana na Mzee Kiondo nilijiuliza Elieza amejuaje. Nanzia hasemi. Simu yake inakaa mfukoni mwa mume wake tangu wazee walipowasuluhisha mwaka jana. Wewe husemi. Afande hasemi. Amebaki mama Eliamani, jirani aliyekuwa awasindikize hadi mwanzo wa msitu. Nikampigia.

"Mama Eliamani, habari ya Alhamisi umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu, dada. Naapa. Nimemwambia Mungu tu."

"Kwa sauti?"

"Tulikuwa kwenye jumuiya. Kila mtu alitoa hitaji lake. Mimi nikasema tumkumbuke dada yetu mmoja mwenye safari ngumu Alhamisi, yeye na watoto wake, Bwana awafiche na macho ya adui. Sikutaja jina!"

"Wifi yake Nanzia alikuwepo?"

"Alikuwepo." Akaanza kulia. "Tena yeye ndiye aliyefunga kwa sala."

Usimchukie mama Eliamani. Utafanya kazi na watu kama yeye mpaka ustaafu, na bila wao hutaweza lolote. Hawatoi siri kwa ubaya. Wanaitoa kwa sababu ni nzito na wamezoea kubeba mizigo pamoja. Mimi nilimwonya asimwambie jirani, asimwambie shangazi, asiandike kwenye simu. Maombi sikuyafikiria, na nimekulia katika jumuiya hizo hizo. Siku nyingine ukipanga jambo na mtu, muulize ataliombea wapi.

Nilimtuma aende kwa Elieza kuomba chumvi, aone hali. Akanipigia baada ya muda.

"Amenipokea vizuri mno, dada. Amenipa mkungu wa ndizi, mzima. Nikauliza, mama Upendo yuko wapi? Akasema amelala, ana mafua."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Nilimsikia akikohoa ndani."

Basi tunalijua hilo, kwamba alasiri ya leo alikuwa anakohoa. Upendo pia yuko nyumbani, hajaenda shule tangu jana. Mtoto hajaondolewa. Nimelishika hilo kama mtu anayeshika kamba fupi.

Utaniuliza kwa nini mambo haya hayakwenda mahakamani zamani. Sisi tunataniwa nchi nzima kwamba Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Elieza alimshitaki ndugu yake wa tumbo moja kwa mfereji uliosogezwa hatua moja, akashindwa, akakata rufaa, na kijiji kizima kilishuka kutoa ushahidi, kila mtu na jiwe lake la mpaka kichwani. Mwaka jana Nanzia alipovunjika mkono, kijiji hicho hicho hakikuwa na shahidi hata mmoja. "Hayo ni ya ndani, mama." Watu walewale waliokumbuka mche wa mkahawa ulikuwa upande gani wa mfereji miaka ishirini iliyopita hawakukumbuka kelele za juzi. Polisi walipopanda, Nanzia alisimama kando ya mume wake akasema aliteleza kwenye ukingo wa ndiva. Wakaandika, wakashuka. Walifanya lililowezekana. Mwanamke haongei na mtu mwenye sare huku mume ameshika bega lake.

Ulipokuwa kule kwa mafunzo ya vitendo, ulikula kwa Elieza. Uliporudi uliniambia makande yalikuwa matamu na Elieza ni mcheshi, anakuita mpwa wake. Sikukusema wakati ule, nakusema sasa: ulikaa ulipoonyeshwa kukaa. Mimi nilipokwenda niliomba niketi upande wa korido, nikasingizia mgongo. Mlango wa chumba cha Upendo una komeo kwa nje. Jipya, la chuma, limepigiliwa kwa misumari mirefu kuliko inavyohitajika. Chumba cha ghala hakina hata kufuli.

Kula watakachokupa. Kwetu mtu asiyekula amekuja kushitaki, na mlango utafungwa kabla hujasema neno. Lakini angalia nani anakileta chakula, na anamtazama nani kabla ya kukuwekea.

Nilikosea kwa Upendo pia. Nilipobaki naye dakika chache nilimuuliza kama baba anampiga. Akasema, "Hapana!" kwa sauti kubwa, ya kusikika mpaka uani. Nilikuwa nimemwomba mtoto wa miaka kumi na moja atoe hukumu juu ya baba yake, naye baba yuko hatua chache anapasua kuni. Nilipojirekebisha nikamuuliza jana walilala saa ngapi. "Baba alipofunga." Na mkitaka kwenda msalani? Akaniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto. "Tunajizuia." Mtoto akiulizwa kuhusu vitu hujibu. Muulize kuhusu mlango, ndoo, mahali pa kulala. Hisia zake mwachie mwenyewe mpaka awe mahali ambapo hakuna mtu anayepasua kuni.

Sasa kesho.

Usipande ile Noah ya saa nne. Dereva wake ni binamu ya Elieza, na abiria wake watakuwa wamekwisha kukuuliza yote kabla hamjaanza kupanda mlima. Nimezungumza na Afande Mwanaidi. Unajua anavyoongea.

"Gari letu liko Ndungu, mama, kuna kesi ya wafugaji. Likirudi jioni halipandi. Ile barabara kwenye giza itatuua sisi kabla ya huyo bwana. Tutaondoka alfajiri."

"Alhamisi tena?"

"Alhamisi ya nani? Kesho. Tena sipandi na sare peke yangu. Mara ya kwanza nilipopanda na sare, yule mama aliniambia ameteleza. Nataka sura anayoijua. Binti yako yuko?"

Nikamwambia yupo. Nikamwambia atakwenda.

Sikukuuliza. Baba yako amesimama hapa nyuma ya kiti, amesoma mstari huo, ameniambia nilipaswa kukuuliza kwanza. Ni kweli. Unaweza kukataa. Bado hujaripoti, hujapewa hata ufunguo wa ofisi, na hakuna mtu atakayekuandika popote. Afande atakwenda bila wewe. Ila mimi siwezi kwenda badala yako. Elieza akiniona mimi atajua ni kwa ajili ya nini, maana mimi sipandi kwake bila kinasa sauti. Wewe una sababu. Afisa mpya hupita nyumba kwa nyumba kujitambulisha, na mpwa huanza kwa mjomba wake. Hicho ndicho tulicho nacho, na ni kidogo.

Nimekaa na watu wengi waliofanya mabaya, Nakijwa. Wengi hawakuwa wakali nilipowahoji. Walikuwa wananiletea kiti. Nilitumia miaka mingi kusubiri kuona ubaya usoni mwa mtu, na sikuuona. Nilichojifunza ni kuacha kutazama uso. Tazama mikono, mlango, na mahali walipo watoto.

Ninaogopa. Naandika neno hilo mara moja, ulijue, kisha tuendelee.

Gari litasimama chini ya kona, mahali ambapo nyumba haionekani. Afande na mwenzake watapita nyuma, kwenye migomba. Wewe utapita mbele, kwa miguu, ukiwa na mkoba wako wa kazi. Vaa raba. Usimpigie mama Eliamani simu, wala usisimame kwake. Ukifika uani piga hodi kwa sauti yako ya kawaida, ile Nanzia anayoijua, useme jina lako. Ukimsikia akijibu, au akikohoa, sema kwa sauti kwamba umeleta salamu zangu. Afande atakuwa anasikiliza, na hilo ndilo neno lake la kuingia. Usiposikia kitu chochote kutoka ndani, sema hivyo hivyo.

Usimwambie Nanzia achukue chochote. Hataacha kutafuta kandambili za mtoto, sufuria, picha. Mbebe yule mdogo wewe mwenyewe uondoke naye, mama yake atafuata. Upendo atakuwa nyuma ya lile komeo. Lifungue kabla hujamwita, asije akadhani anaitwa na mtu mwingine.

Huenda tumekosea, na mtu yule amempa mjane maji kwa sababu ya wema. Basi tutakuwa tumemwaibisha mtu mwema mbele ya kijiji chake, naye atatushitaki, na mimi nitauza ng'ombe. Nitasimama kizimbani kwa furaha.

Lakini huenda atakayefungua mlango ni yeye, amenyooka, anatabasamu, anakuita mpwa. Usiangalie nyuma yake kumtafuta Nanzia. Mpe heshima yake. Mwambie, "Shikamoo mjomba," usimame hapo hapo, mguu mmoja ndani ya kizingiti, usubiri akujibu marahaba. Akijibu, mwambie umeleta salamu zangu, umuulize habari za nyumbani. Kisha za shamba, za mifugo, za maji. Sisi salamu zetu ni ndefu, na hakuna mtu aliyelelewa huku anayeweza kuzikata katikati. Endelea kumsalimia mpaka Afande aingie.

Mimi niliyekuzaa, na ambaye kesho nakutuma,

Mama yako.